Tangi la Fundi Khamisi wa Majengo

"Bati jipya hilo, Fundi, mbona unalitoboa?"

Wasikilizaji wapendwa, swali hilo liliulizwa Majengo, mjini Moshi, mwaka 1953. Aliyeuliza ni jirani, Bi Shani, mpika vitumbua. Aliyeulizwa ni Khamisi bin Feruzi, fundi bati. Alikuwa ameketi barazani kwake, msumari mkono huu, nyundo mkono huu. Mbele yake palikuwa na tangi alilolimaliza asubuhi ileile, linang'aa, halijapata hata vumbi. Naye alikuwa anautoboa mfuniko wake.

"Mafuta yakitoka, hewa iingie," Fundi akamjibu. "Isipoingia, mafuta yanagoma."

"Haya," akasema Bi Shani. "Miaka thelathini unatengeneza ndoo zisivuje. Leo uzee umekuingia, unatengeneza la kuvuja."

Fundi akacheka, akaendelea kugonga.

Wasikilizaji wapendwa, Fundi Khamisi ametutoka. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake Majengo, baada ya kuugua kifua kwa miezi miwili. Alizikwa siku ya pili yake. Umri wake haukuandikwa popote, lakini mkewe, Bi Mwantumu, anasema alikuwa na miaka sitini au karibu na hapo. Leo tunamkumbuka. Tutawaeleza habari za tangi lile, maana waliomfahamu wanasema ukitaka kumjua Khamisi, anzia hapo.

Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mpagazi aliyefika Moshi na mizigo ya watu akachoka kurudi. Mama yake alikuwa Mchagga wa Kibosho. Nyumbani walisema Kiswahili. Kwa bibi, kule mlimani, walisema Kichagga. Khamisi alikua na lugha zote mbili, na alisema kwa upole katika zote mbili. Kazi ya bati aliianza akiwa kijana. Alitengeneza koroboi, ndoo, mabirika na mifereji ya kukinga mvua. Bi Mwantumu anasema kila chombo alikijaza maji na kukiacha usiku mzima juu ya karatasi kavu. Asubuhi karatasi ikiwa na doa, chombo hakiuzwi.

"Mimi nilikuwa namwambia, baba, doa lenyewe kama punje ya mtama," anasema Bi Mwantumu. "Ananiambia, punje hiyo ni ya mtu mwingine, si yangu."

Fundi hakuwa na mtoto. Alikuwa na mdogo wake, Ally. Wazazi wao walipofariki Ally alikuwa bado mdogo, akalelewa na Khamisi. Alipokuwa mtu mzima hakupenda bati. Alipenda mashine.

Basi Ally akapata kazi kwa Wenseslaus. Huyu Wenseslaus ni mtu wa Kibosho, mwenye ghala karibu na stesheni ya reli. Alikuwa na jenereta. Kwa wale wasioijua, jenereta ni mashine ya petroli inayotoa umeme. Ile yake ilikuwa ndogo, wanaume wawili wanaibeba. Wenseslaus aliikodisha pamoja na vipaza sauti na taa, kwenye harusi, kwenye mikutano, kwenye sikukuu za makanisa. Ally ndiye aliyeiendesha.

Tatizo la mashine ile lilikuwa moja. Tangi lake lilikuwa dogo, tena lilikaa juu ya mashine yenyewe. Kila baada ya saa moja na nusu, petroli imekwisha. Ikiisha, lazima mtu amimine tena, na mashine wakati huo ni ya moto kama kikaango.

Siku moja mwaka 1952 palikuwa na mkutano wa wakulima wa kahawa, mahali paitwapo Kwa Sadala. Ilikuwa mchana, jua kali. Petroli ikaisha katikati ya hotuba. Watu wakaanza kupiga miluzi. Ally mwenyewe, ambaye yu hai na ndiye aliyetueleza, anasema hivi:

"Nilitakiwa ningoje ipoe. Lakini mtu ananipigia mluzi, mwingine anasema huyu kalala. Nikachukua debe na faneli nikamimina upesi. Petroli ikamwagika kwenye bomba la moshi. Sikusikia mlio wowote. Niliona tu mikono yangu ina mwanga."

Wasikilizaji wapendwa, Ally hakufa. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mikono yake iliungua, vidole vikakunjika, na mpaka leo havifunguki. Miezi minne Fundi Khamisi alimlisha kwa mkono wake. Uji, wali, hata maji ya kunywa.

"Hakuniuliza hata siku moja kwa nini sikungoja," anasema Ally. "Ningependa angeniuliza."

Fundi hakuuliza. Alikaa barazani akawaza. Na alichowaza ni hiki. Kwa Wenseslaus kazi inaendelea. Ameshaajiriwa mtu mwingine, jina lake Abasi, mtu wa Majengo vilevile, baba wa watoto wanne. Abasi naye anamimina petroli juu ya mashine ya moto, kama alivyokuwa anamimina Ally. Fundi alimwona mara mbili kwa macho yake. Akasema moyoni, hapa mtu mwingine ataungua.

Ndipo akaanza kutengeneza tangi la nje.

Hakutumia debe la zamani. Debe lililowahi kutiwa petroli alikuwa hatii moto karibu nalo, hata likioshwa mara saba. Alinunua bati jipya, akalikata, akalikunja, akalehemu kila pembe mara mbili. Likawa tangi la kuchukua galani nne, petroli ya kutosha mchana kutwa. Chini akatia koki. Kwenye koki akaunga bomba jembamba la shaba la kufika kwenye mashine, akalizungusha duara moja katikati, ili mtetemo wa mashine usilikate. Ndani akaweka kipande cha wavu laini cha kuzuia takataka. Chini ya tangi akaweka stuli ya miti, na stuli ikasimama hatua mbili kutoka kwenye mashine, mbali na bomba la moshi. Kwa namna hiyo petroli ilishuka yenyewe, na mtu wa kuongeza mafuta hakuwa na haja ya kuigusa mashine.

Mara ya kwanza alikosea. Stuli aliifanya ndefu, kimo cha mtu, na petroli ikashuka kwa nguvu ikafurika kwenye kabureta, ikadondoka chini. Akazima, akangoja, akaikata miguu ya stuli mpaka ikafika kiunoni. Mara ya pili ikakubali. Mashine ilinguruma tangu alasiri hadi magharibi, nyuma ya ghala la Wenseslaus, na hakuna aliyeigusa.

Na juu ya mfuniko palikuwa na lile tundu la msumari. Nakariri kwa waliochelewa kufungua redio: tundu lile dogo lilikuwa la kuingiza hewa. Bila tundu, petroli haishuki.

Wenseslaus alitazama yote hayo akiwa amekunja mikono. "Fundi wa koroboi," akasema, "leo unanifundisha mashine yangu?"

"Sikufundishi, bwana mkubwa. Nakuomba."

"Unaomba nini?"

"Lijaribu mara moja tu, kwenye shughuli kubwa. Likikuridhisha, Abasi asimimine tena juu ya moto. Lisipokuridhisha, nalichukua mwenyewe."

"Mara moja," akasema Wenseslaus. "Likiniaibisha, usilirudishe hapa."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yao. Siku moja. Shughuli moja. Tangi likifanya kazi, Abasi amepona. Likishindwa, faneli inarudi mkononi mwake.

Shughuli yenyewe ilikuwa sikukuu ya mavuno, katika usharika mmoja wa Kilutheri huko Machame. Mzee wa kanisa aliyesimamia maandalizi aliitwa Gidioni. Watu walikuwa wengi kuliko kanisa, kwa hiyo ibada ilifanyika nje, uwanjani, kwa vipaza sauti. Palikuwa na mikungu ya ndizi, vikapu vya mahindi, kuku waliofungwa miguu, na ndama mmoja aliyelia kila kwaya ilipoanza. Jenereta iliwekwa nyuma ya jiko la usharika, ili mlio wake usiwasumbue wanaosali. Tangi la Fundi likakaa juu ya stuli yake, karibu na ukuta wa jiko. Abasi akapelekwa mbele kushughulikia vipaza sauti. Fundi akabaki na tangi.

Jikoni alikuwamo Bi Aikande, mke wa Mzee Gidioni. Yeye na wanawake wenzake walipika machalari, ndizi na nyama, katika masufuria manne makubwa. Fundi aliwasalimia kwa Kichagga, wakafurahi, wakamletea maziwa. Ilipofika saa saba akaomba maji. Bi Aikande mwenyewe akampa maji ya kutawadha, akamwonyesha mahali safi kwenye migomba. Fundi akaenda kusali adhuhuri.

Bi Aikande alirudi jikoni. Akasikia harufu ya petroli. Akatoka kuangalia. Akaliona tangi, akaliona tundu kwenye mfuniko. Akafikiri, maskini, chombo cha huyu baba wa watu kinavuja, naye hajui, na chakula cha wageni kiko hapa.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, sote tunajua debe likivuja linazibwa na nini. Alikuwa anaosha masufuria. Mkononi alikuwa na sabuni ya mche. Akakata kipande kwa kisu, akakilainisha kwa vidole, akakikandamiza kwenye tundu mpaka likaziba kabisa. Kisha akarudi kwenye sufuria zake, amefurahi kwamba amemsaidia mgeni.

Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri. Mashine ikakohoa mara tatu. Ikazima. Vipaza sauti vikanyamaza, na pale uwanjani akasikika ndama peke yake.

Fundi alisikia kimya hicho akiwa kwenye migomba. Akamaliza sala yake, hakuikata, lakini Ally anasema kaka alimwambia baadaye kwamba ile rakaa ya mwisho hajui aliisomaje. Alipofika, Wenseslaus alikuwa ameshafika. Alikuwa na debe la petroli na faneli, anafungua lile tangi dogo la juu ya mashine. Mashine ilikuwa inatoa mvuke wa joto.

Fundi akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa tangi lile dogo. Bati lilikuwa la moto. Hakukitoa.

"Toa mkono, Khamisi."

"Ipoe kwanza."

"Watu wote hawa wanangoja neno la Mungu, wewe unaniambia ipoe?"

"Neno la Mungu litangoja, Wenseslaus. Petroli haingoji."

Wenseslaus akaweka debe chini kwa hasira. Huko mbele Mzee Gidioni alisimama akaomba kwaya iimbe. Waliimba nyimbo nne. Watu wa nyuma hawakusikia mahubiri yaliyobaki. Wengine walianza kunong'ona kwamba hivi ndivyo inavyokuwa ukimwita fundi asiye wa kanisa.

Fundi akalikagua tangi lake. Koki ilikuwa wazi. Bomba lilikuwa zima. Mafuta yalikuwamo. Akapitisha kidole juu ya mfuniko, akaigusa sabuni. Ilikuwa bado na alama ya kidole gumba, kidogo, cha mwanamke. Akainua macho. Bi Aikande alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, na ule mche wa sabuni mkononi. Wakatazamana.

Hapo, wasikilizaji wapendwa, Fundi alikuwa na neno moja tu la kusema. Akiisema ile sabuni, tangi linashinda, na Abasi anapona. Lakini mbele ya jiko lile walikuwapo wageni, wazee wa kanisa na wanawake wa usharika mzima, na mke wa Mzee Gidioni angekuwa ndiye aliyezima ibada ya mavuno. Fundi aliwaza mikono ya Ally. Akautazama uso wa yule mama aliyempa maji ya kutawadha. Akaikwangua sabuni kwa ukucha, akaifunga kiganjani.

"Ni nini?" akauliza Wenseslaus.

"Kosa langu," akasema Fundi. "Kuna jambo ilinipasa kulieleza hapa, sikulieleza."

Na hakusema uongo. Hakuwa amemweleza mtu yeyote pale kazi ya lile tundu.

Mashine ilipopoa aliiwasha, na ikanguruma kwa tangi lake mpaka sikukuu ikaisha. Lakini Wenseslaus alikuwa ameshaamua. Jioni alilifungua mwenyewe tangi lile kutoka kwenye mashine. "Limegoma," akasema. "Leo limegoma kanisani, kesho litagoma harusini kwa watu. Chukua." Bi Aikande alikuwa hatua chache kutoka hapo, anafunika masufuria. Fundi akabeba tangi lake begani, akapanda lori, akarudi Majengo. Kiganja chake kilikuwa kimetoka lengelenge.

Wiki tatu zilipita. Faneli ilirudi mkononi mwa Abasi. Kila jenereta ilipotoka kwenda shughuli ya karibu, Fundi aliacha kazi akaifuata kwa miguu, akasimama kando, ili petroli ikiisha amwambie Abasi angoje. Bi Shani alimcheka. "Mwantumu," akasema, "mwenzio kaoa jenereta." Bi Mwantumu alicheka naye. Lakini anasema mumewe alikuwa anarudi amechoka, na kazi za watu zimelala.

Na Machame, Bi Aikande naye hakuwa na raha. Mumewe alikuwa akisema mezani, yule fundi wa Majengo ametuaibisha. Yeye alikuwa anampakulia chakula, ananyamaza. "Kila nilipokata sabuni," ametuambia, "nilimwona yule baba anavyonitazama. Hakunitazama kwa ubaya. Afadhali angenitazama kwa ubaya."

Wasikilizaji wapendwa, hapo tusimame kidogo.

Tunatoa pole kwa Bi Mwantumu, mjane wa marehemu. Mungu akutie nguvu, mama, kwenye eda na baada ya eda. Tunatoa pole kwa Ally, aliyefiwa na kaka ambaye kwake alikuwa baba. Tunatoa pole kwa Bi Shani na majirani wote wa Majengo, na kwa waumini wa msikiti aliosali miaka yake yote. Tunatoa pole pia kwa wanawake wa usharika ule wa Machame. Siku ya tatu walishuka na mikungu ya ndizi, wakakaa chini na wafiwa, na hawakuondoka mpaka vyombo vyote vimeoshwa. Mungu amrehemu Fundi Khamisi, ampe makao mema.

Jambo la kutafakari tunalowaachia si kubwa. Leo kabla ya kulala, kila mmoja kwa sala ya dini yake, ajiulize: ni nani aliyewahi kunyamaza kwa ajili yangu, na je, nimeshamwendea?

Sasa Bi Mwantumu alituomba neno moja. Alisema, msimalizie na kaburi. Malizieni na ile Jumamosi. Basi tunamtii. Na Bi Aikande ametupa ruhusa ya kulisimulia, na kulitaja jina lake.

Jumamosi ile, asubuhi, Bi Aikande alifika Majengo kwa lori la ndizi. Alikuwa amevaa nguo zake za ibada. Akauliza nyumba ya fundi bati. Akamkuta barazani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. "Ile sabuni ilikuwa yangu."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na wageni, mama."

Bi Aikande akalia kidogo, kisha akajifuta. Akaliona tangi pembeni, limefunikwa gunia. Fundi alikuwa ameshalitengeneza upya. Badala ya tundu la msumari, mfuniko sasa ulikuwa na kijibomba kirefu, kimepindwa kichwa chini kama shingo ya bata. Mtu yeyote angeona kimewekwa makusudi.

"Nipe nilipeleke," akasema Bi Aikande.

"Mama, usijitese kwa ajili yangu."

"Sijitesi kwa ajili yako. Naambiwa kuna mtu pale anamimina petroli kwenye moto."

Akajitwisha tangi kichwani, mke wa mzee wa kanisa, kutoka Majengo mpaka karibu na stesheni, watu wanamtazama. Fundi alimfuata kwa nyuma, hatua chache. Wenseslaus alikuwa ghalani, anajiandaa kwa harusi ya mchana ule. Abasi alikuwa amesimama kando yake, ameshika faneli. Jenereta ilikuwa nje, uani.

"Shikamoo, mama," akasema Wenseslaus, ameshangaa.

"Marahaba. Nitue kwanza."

Akamtua. Bi Aikande akasema amesimama, hakutaka kiti. "Siku ile ya mavuno tangi hili halikugoma. Nililiziba mimi. Niliona tundu, nikadhani linavuja, nikaliziba kwa sabuni. Fundi aliikuta sabuni yangu, akaificha. Wewe ukamfukuza mbele ya macho yangu, na mimi nikanyamaza."

Wenseslaus akamtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama sakafu.

"Mzee Gidioni anajua?"

"Alijua jana. Ndiye aliyenitafutia lori."

Wenseslaus akakigusa kile kijibomba kilichopindwa. "Na hiki?"

"Hiki ndicho kinachoingiza hewa," akasema Bi Aikande. "Asikizibe mtu."

Wenseslaus alimgeukia Abasi, akaitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine. Akaichukua faneli kutoka kwenye mikono ile, akaitundika juu kabisa ukutani. Kisha akainama, akalibeba tangi la Fundi kwa mikono miwili, akatoka nalo uani kwenye jenereta.